Chai ya Nyuma ya Bati

Nyangoto, Tarime
Jumatatu asubuhi

Kwako kaka yangu Heche,

Shikamoo kaka. Nakuandikia nikiwa mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha kwamba mimi si msichana tena, na namshukuru Mungu hata kwa huo mgongo maana bado unainama na kuinuka. Wewe je? Ule mguu umepona, au bado unaufunika na blanketi daktari asiuone? Na tembo wa huko Natta wamewaachia mahindi mwaka huu, au mmevuna walichosaza? Wifi yangu mwambie mbegu za mtama alizonipa zimeota kuliko hata zile za dukani.

Simu ningepiga. Lakini wewe kaka ukikasirika unakata, halafu ukipoa unaona aibu kupiga. Barua haikatiki. Nimempa Joel, yule anayekuja huku kwa biashara ya ng'ombe, na nimemwambia asikukabidhi mpaka ahakikishe umekaa chini.

Najua ulichoambiwa. Umeambiwa Mokami ameacha kanisa, siku hizi Jumapili anashinda na watu wasiosali, wanaimba na kunywa chai bila hata kufungua Biblia. Aliyekuambia habari ya chai hakukudanganya, maana chai yenyewe naipika mimi. Lakini kanisa sijaacha. Kila Sabato nipo kwenye benchi langu lile lile, na mzee wa kanisa, Mzee Simioni, akikosa miwani ni mimi ninayemsomea fungu. Jumapili ndiyo naenda huko.

Mikutano yenyewe ilianza kwa msiba. Shimo liliporomoka huku machimboni likamfunika kijana mmoja mgeni. Makanisa yakaulizwa, kila moja likasema si muumini wetu. Wazee wa koo wakaulizwa, wakasema si mtu wetu. Maiti ikabaki inatazamwa. Aliyemzika ni Jilala, Msukuma, mchimbaji mwenzake, mtu mpana anayecheka mpaka bati linatetemeka. Alikusanya watu, wakachimba kaburi, wakaimba nyimbo za kwao za kulima kwa kuwa ndizo wote walizozijua, wakamaliza. Jioni yake Jilala akasema mbona sisi tunajuana kwenye makaburi tu, kwani hatuwezi kukutana huyu na huyu wakiwa bado wanapumua?

Basi wakapata banda lililokuwa la kuchomelea mageti. Wanakutana Jumapili alasiri. Mtu mmoja anasimama anaeleza kitu anachokijua. Nimesikia habari za nyuki, nimesikia habari za zebaki inavyoharibu mikono ya wanaoosha dhahabu, nimemsikia jirani yangu Agness akifundisha kufuga kuku wa mayai mpaka wanaume wakaomba arudie. Wakishasikiliza wanaimba, Mkurya na ritungu lake la nyuzi, Msukuma na kigobogobo chake cha jembe, Mjaluo naye ana lake. Halafu chai. Hakuna anayeulizwa dhehebu wala ukoo. Hakuna kuomba kwa sauti, ila kabla ya chai wananyamaza kidogo, na Jilala anasema mwenye Mungu wake aongee naye hapo hapo, asiye naye apumzike.

Mimi nilipoitwa na Agness nikamsaidie kupika chai nilikataa. Nilimwambia sipikii mkutano usio na Mungu. Yeye akaendelea kukanda unga wake wa maandazi, akasema haya, basi, na tena siku hizi wamepata mpiga ritungu mzuri, Vincent wa marehemu Lilian. Nikauliza sufuria mnayotumia ni kubwa kiasi gani. Agness akainama akacheka ndani ya khanga. Hakuuliza kitu. Naye ni Mkurya.

Kaka, wewe unajua mimi na Vincent tulivyoishi. Tangu alipomwoa Lilian wangu tumeshika adabu ya ukwe kama baba alivyotufunza. Akitokea njiani mimi naingia kwenye shamba la mtu, hata kama ni la mihogo na mvua imenyesha. Nikitokea mimi, yeye anageuka kama aliyesahau kitu nyumbani. Sijawahi kumtazama usoni, sijawahi kulitaja jina lake mbele yake, na sijawahi kukaa naye chini ya paa moja. Habari zake nilikuwa naletewa na Lilian. Lilian alipofariki na mimba yake ya pili, nilipoteza mtoto, nikapoteza na mdomo wa kunisemea kwa baba wa mjukuu wangu.

Na wewe ndiye uliyemlea Lilian baada ya baba yake kufa, ng'ombe wa mahari yake waliingia zizini mwako, kwa hiyo uchungu wako naujua. Uliyoyasema siku ya mazishi niliyasikia kama watu wote walivyoyasikia. Ulisema mtoto wetu aliumwa mpaka akalazwa, na mwanaume huyu hakutuma hata kuku kuja kutuambia, akatuita kuja kupokea maiti. Ulisema asikanyage kwako mpaka mvua inyeshe ikitoka chini kwenda juu. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa naamini kama wewe.

Kwa hiyo nilienda kupika chai ili nimsikie. Huo ndio ukweli wangu wa kwanza. Jiko liko nyuma ya banda, na katikati kuna ukuta wa bati. Bati lina tundu la msumari, nikalitundikia khanga nisije nikajaribiwa. Nilitaka kusikia sauti ya mtu aliyekaa na mwanangu siku zake za mwisho, nijue ni sauti ya mtu wa namna gani. Paa si moja, nilijiambia, jiko lina paa lake. Agness ndiye alikuwa anachungulia kwa niaba yangu. Ananiambia leo amevaa shati la kijani, leo amekonda, leo mwanae Teddy amemlalia mapajani. Agness akitoka na trei mimi nabaki na moto.

Na chai yenyewe, kaka, nilikuwa naiombea. Kabla haijamiminwa naweka mkono juu ya mfuniko, naomba, kwa majina ya watu ninaowajua na hata wasio na dini. Hakuna kikombe kilichotoka pale hakijaombewa. Jilala aliwahi kupaza sauti kutoka ndani akasema mama wa jikoni, hii chai yako unaweka nini, mbona nikinywa nalala vizuri? Nikamjibu ni tangawizi.

Sasa Jumapili iliyopita, si hii ya jana, ilikuwa zamu ya Vincent kueleza kitu. Nilidhani ataeleza ritungu. Akasema ataeleza dalili za hatari kwa mama mjamzito. Vijana wa machimbo wakaanza kunong'ona, mmoja akamtania akisema mura, tangu lini umekuwa mkunga? Vincent akasema tangu nilipochelewa kujua.

Alieleza taratibu kama mtu anayepanga matofali. Miguu kuvimba, kichwa kuuma kusikopona, macho kuona vimulimuli. Alisema ukiona hayo usisubiri kesho, usisubiri hela, kimbia naye. Kisha akasema yeye alikimbia naye, lakini vimulimuli vilikuwa vimetangulia. Na kule hospitali, Lilian akiwa bado anaongea, alimwambia Vincent nenda kamwite mama.

Nilikuwa nimeshika mwiko. Ilikuwa wiki ya makambi ya kanisa, kaka, unakumbuka, nilikuwa Nyarero na kwaya yetu. Vincent alisema alipanda pikipiki akaja mpaka Nyarero. Alinikuta nimekaa mstari wa mbele, nimevaa kitambaa cheupe. Hakuweza kuja. Alisimama nyuma ya lori lililoleta mahema. Hapakuwa na mtu anayemfahamu, wa kumtuma. Akamwona mwanamke anauza mahindi ya kuchemsha pembeni, akamwomba aende kumwambia yule mama wa kitambaa cheupe kwamba mwanae anamwita hospitali. Mwanamke akakubali. Vincent akasubiri mpaka akaona kwaya tumesimama. Akadhani nimeshaambiwa na naaga wenzangu. Akarudi mbio kwa mgonjwa, awahi kumwambia mama anakuja. Kumbe tulikuwa tumesimama kuimba.

Yule mwanamke hakufika kwangu. Labda aliogopa kupita katikati ya ibada, labda wateja walimzidi. Vincent alisema hamlaumu. Alimwambia Lilian mama yuko njiani, na Lilian akalala akiwa anajua hivyo.

Jilala hakuelewa. Akauliza kwa lile sauti lake, sasa rafiki yangu, kwa nini hukwenda tu ukamshika bega? Banda zima likaguna. Mtu mmoja akasema huyu Jilala mwacheni, hajui ukweni kwa Wakurya kulivyo. Vincent akamjibu kwa upole kwamba kwetu mtu akimwendea mama mkwe wake hivyo, hata akiwa amembebea habari njema, ameshamtukana mbele ya watu. Akasema, nilichagua adabu, na adabu haikuniponyea mke. Halafu akasema jambo la mwisho, kwamba hiyo ndiyo Jumapili yake ya mwisho nasi, anakwenda Chunya na Teddy, kwa sababu mtoto hawezi kukulia mahali ambapo ujombani kwake kumefungwa na bibi yake yuko umbali wa kilima kimoja lakini hakuna mtu wa kumpelekea hata salamu.

Akamaliza, na zamu ya kunyamaza ya Jilala ikawa imeingia yenyewe.

Maji yalichemka yakafurika yakazima moto, wala sikuyaona. Agness alinyanyua trei kama kawaida. Kaka, hapa ndipo nilipotaka uwe umekaa. Nilimnyang'anya trei. Nilizunguka ukuta wa bati nikaingia mle bandani, chini ya paa moja naye, mbele ya Wakurya na Wasukuma na watu wote. Vincent aliponiona alifanya kama alivyofunzwa, alijifunika uso kwa mkono akageukia ukutani, akitafuta mlango, na mlango ulikuwa nyuma yangu. Watu wakaanza kumpisha akimbie.

Nikamwita jina. Nilisema Vincent, kaa, chai inapoa.

Sikupanga kusema hivyo. Ningekuwa nimepanga ningesema la maana zaidi. Alisimama akitazama ukuta muda mrefu. Wazee wawili walitoka nje, sikuwazuia. Kisha akageuka, akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, macho chini. Teddy akauliza kwa sauti baba kwani unamwogopa bibi? Jilala akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka, akafuta macho. Nami nikakaa kwenye benchi hilo hilo, tukiwa tumemweka mtoto katikati, nikamwambia mimi sikuambiwa. Akasema sasa najua, mama. Basi. Tukanywa chai.

Jana Mzee Simioni alikuja nyumbani. Aliniuliza, bila ukali, imekuwaje yaliyonishinda kuyasema kanisani nikayasema kwenye mkutano usio na Mungu. Nikamwambia Mzee, mimi sikumkuta Mungu ameketi nje ya lile banda. Akafikiri, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Wazee wa kimila nao wamesema nimevunja, na kwamba lazima jambo litengenezwe. Sikatai. Nimevunja, na kama ni mbuzi tutatoa. Lakini sitaki likitengenezwa nirudi kwenye shamba la mihogo kila mkwe wangu akipita.

Sasa kaka, nafika kwako. Vincent ameahirisha Chunya. Anasubiri neno lako tu, maana wewe ndiye uliyefunga na hakuna mwingine anayeweza kufungua. Anataka kuja Natta, alete mbuzi, asimame pale pale mlangoni pako aeleze alivyokuja Nyarero. Usimwamini kwa sababu nimesema mimi. Msikilize mwenyewe. Ukiona anadanganya mfukuze, nami sitakuandikia tena habari hii. Ila ukiona ni kweli, jua kwamba mtu uliyemkatalia mlango ni yule aliyetufuata, tena akatukosa kwa kutuheshimu. Na mvua, wewe mwenyewe umeiona ikipiga chini ikaruka juu, mchunga ng'ombe haoni ajabu hilo.

Usikae na jibu. Joel atalala kwako na kurudi, mpe hata neno moja la mdomo.

Wifi na watoto wote nawasalimu, na shangazi yetu kama bado anasikia, mpigie kelele sikioni kwamba nipo. Agness anasalimu. Jilala anasalimu, ingawa hakujui, amesema yeye kaka wa mpika chai ni kaka yake. Teddy anasema umwekee ndama mwenye doa jeupe.

Na Vincent anakupa shikamoo. Safari hii sikuletewa na mtu, wala sikuisikia kupitia bati. Amekuja asubuhi hii hii, amekaa kwenye kigoda cha baba mlangoni kwangu wakati naandika, na amenituma kwa mdomo wake.

Ni mimi dada yako,
Mokami