Kura ya Kufuta Makala za Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua ensaiklopidia yetu ya mtandaoni kabla ya kwenda kazini. Nimekuta utepe mwekundu juu ya makala ya mume wangu: "Imependekezwa kufutwa. Haina vyanzo." Wala si moja. Zote alizoandika kuhusu kompyuta — kumbukumbu, virusi, mtandao, zote.

Jioni za miaka yote ile aliandika yeye, mimi nikapita nyuma yake nikisahihisha. Yeye fundi wa kompyuta chuoni, mimi msoma prufu kiwanda cha uchapaji. Wachangiaji wenzetu wananiita Mama Koma.

Aliyependekeza ni Mwalimu. Mwalimu huyu huyu, rafiki yake wa chanda na pete. Aliyelia mazikoni mpaka ikabidi ashikwe.

Jumanne, 4 Machi

Wachangiaji wamefika kwenye ukurasa wa majadiliano. "Futa." "Futa, kwa heshima zote." Heshima gani hiyo.

Mmoja kang'ang'ania neno "kibindoni". Marehemu aliandika kwamba kitu ambacho kompyuta inakihitaji kila mara hukitia kibindoni, isihangaike kukifuata mbali. Bwana huyo anasema wenye fani wanasema "kache", na ensaiklopidia si mahali pa mtu kubuni maneno yake. Nikajibu kwamba bibi yangu alikuwa na kibindo cha senti kiunoni na hakukisoma kitabuni. Mkabidhi — ndiye mwenye funguo za kufuta — akaniandikia kwa upole kwamba bibi si chanzo.

Bibi si chanzo. Nimeshinda nalo kazini hilo. Nimepitisha kosa kwenye jalada la kitabu cha watoto, tena kwenye herufi kubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Mwalimu. Nilitaka kuongea kwa utulivu, nikashindwa. Nikamwambia, shemeji, umekula kwangu mpaka ukajua sufuria ipi inavuja, leo unamfuta mwenye nyumba.

Akasema hamfuti mtu, anafuta kurasa. Wanafunzi wake wanazinakili makala zile neno kwa neno, na baadhi zimepitwa na wakati. Ile ya virusi inawaambia watu wafanye mambo ambayo leo yatawaponza. Alikuwa anangoja mwaka wa msiba upite.

"Shemeji," akasema, "ile kanuni ya vyanzo, unajua aliiandika nani?"

Nilikata simu. Nilikuwa najua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitafuta hata hivyo. "Makala isiyo na chanzo ifutwe, hata kama nimeiandika mimi." Maneno ya mume wangu kabisa. Historia ya ukurasa inaonyesha jina lake, na juu yake langu: nimesahihisha tahajia.



Jumapili, 9 Machi

Jana tulikwenda maktaba, mimi na binti yangu. Tumepata vitabu viwili vya kompyuta vinavyokubalika. Vimeandikwa kama maelezo kwenye kasha la dawa. Binti anasema tuandike upya kila aya kutokana na vitabu hivyo, tuweke vyanzo, hakuna atakayezigusa.

Na maneno ya baba yako?

"Yatabaki kwenye historia ya ukurasa, Mama. Mtu akibonyeza atayaona."

Nani anabonyeza huko. Nikamwuliza hivyo. Akageukia rafu, akasema taratibu, "Baba mwenyewe angeyafuta."

Nilimjibu vibaya. Leo tumekula kila mtu anaangalia sahani yake.

Sikumwambia kinachoniuma. Sauti ya baba yake imeanza kunipotea. Nikikaa kimya nijaribu kuikumbuka, haiji. Nikisoma zile makala, inakuja — na ule mzaha wake wa kujifanya hana mzaha.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga kura: "Ibaki." Mkabidhi kaikata mstari. Kura ya ndugu wa mwandishi haihesabiwi.

Nimemwandikia kwamba nilikuwa mchangiaji kabla sijawa mjane. Amejibu kwamba anaelewa, na poleni. Poleni, kwa wingi. Kana kwamba tuko wengi humu ndani.

Jumatano, 12 Machi

Kesho majadiliano yanafungwa.

Jioni hii hodi — Mwalimu, kompyuta mpakato kwapani. Hakukaa mpaka nilipomwambia kaa, nami nilichelewa kumwambia. Amekonda. Akasema tukianza kuziandika upya leo ataliondoa pendekezo lake kwa mkono wake. Yeye aandike, mimi nisahihishe. Alivyolisema, naona mwenyewe hakusikia kwamba ndivyo tulivyofanya na marehemu.

Binti akamsogezea meza ya baba yake. Nikaingia chumbani bila neno, nikafunga mlango.

Namsikia kutoka hapa. Anaandika, anasita, anafuta. Sasa anamsomea binti aya ya kwanza: "Kumbukumbu ya kompyuta ni sehemu ambayo inatumika katika kuhifadhi data ambazo ni data zinazohitajika na kompyuta."

Binti anajua sentensi hiyo ni mbovu. Kalelewa nyumba hii.

Mwalimu anakohoa. "Shemeji," anaita, sauti ya chini, "njoo utuangalizie kama Kiswahili kimekaa sawa."

Hakijakaa.

Anaita tena.