Mama na Mlio wa Kuku, Komarock

Dada Nafula,

Habari ya nyumbani? Hapa Komarock ni baridi tangu nifike, na Mama bado hasemi. Tangu apatwe na kiharusi, hata maneno yetu hayamwingii. Ukimwambia anywe uji, anakutazama kama umetoka nchi nyingine.

Jana tulikaa naye nje ya nyumba ya kaka Simiyu, karibu na kuku wa jirani na vifaranga wake. Ghafla yule kuku akatoa mlio mmoja mrefu, wa kukwaruza. Shemeji akacheka: "Na huyu naye ana shida gani leo?" Hakuna aliyeelewa kati yetu. Mama peke yake aliinua macho juu, akavuta leso kutoka mabegani kwa ule mkono wake mzima, akainama kuwafunika vifaranga. Ndipo kivuli cha mwewe kikapita ukutani.

"Mama, umejuaje?" nikamuuliza kwa furaha. Alifungua kinywa, akajaribu, akajaribu tena. Hakuna neno lililotoka. Akaanza kulia, nami nikalia. Kuku ana sauti yake ya kumtaja mwewe, na mama yetu hana hata ya kuniita mimi.

Daktari hatarajii maneno yarudi. Kwa hivyo, Dada, usipige simu tena ukingoja akujibu. Njoo tu umshike mkono. Nikimshika mimi, hataki kuuachilia.

Wakumbatie watoto, nimewakumbuka sana.

Mdogo wako,
Wanjala