Manyoya ya Kujaa Kiganja

Košice,
9 Novemba

Mpendwa Shangazi Viera,

Nakusalimu kutoka meza yetu ya jikoni, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na ile nyonga imetulia. Binti yako Danica aliniandikia kuwa sasa unakwenda dukani bila mkongojo, nami nilifurahi mpaka nikamwambia kila mtu kazini, hata wasiokujua. Huko Winnipeg theluji imeshaanguka? Huku kwetu bado ni ukungu na tope. Mimi na Rudo hatujambo, na binti yetu Dorota hajambo isipokuwa mafua ya shuleni. Kuhusu Baba ndiyo sijui niandike nini, kwa hiyo nitazunguka kidogo kwanza, unijuavyo.

Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda kijijini kuwasha mishumaa makaburini. Mmoja niliuwasha kwa niaba yako. Baba alisimama kwenye kaburi la Mama mpaka Rudo akaanza kukanyagakanyaga chini kwa baridi. Kisha akapanda gari, tukarudi mjini.

Unajua tulimleta kwetu Septemba. Baada ya kuanguka uani majira ya baridi yaliyopita, akienda kuchukua kuni, na kulala kwenye barafu mpaka Margita wa jirani alipomwona, sikuweza tena kumwacha peke yake. Alikubali mwenyewe. Lakini sasa kila asubuhi huvaa koti na kofia, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu anayengoja basi. Hashindi hapo kwa hasira, anashinda tu. Chakula anaonja na kusogeza sahani. Hata halušky zenye jibini ya kondoo, nilizozipika vilevile kama Mama, aliziacha nusu.

Wanunuzi wa nyumba wanangoja saini yake kabla ya Krismasi, naye hakatai wala hatii saini. Juzi alisema tu kwamba anarudi kwake, jiko lipo na shoka lipo. Akirudi, Shangazi, naogopa hatauona mwezi wa Machi. Akikaa, namwona anakauka mbele ya macho yangu. Sijui lipi baya zaidi.

Kazini bado natunza panya weupe wa maabara. Najua bado unanicheka. Baba naye alinicheka, yeye ambaye maisha yake yote amewapiga panya wa ghalani kwa koleo.

"Yaani unalipwa umtandikie panya kitanda?" aliniuliza jioni moja.

"Ndiyo, Baba. Tunawapa karatasi laini, wanachana wenyewe, wanajenga kiota."

"Na nyumba?"

"Na nyumba. Za plastiki nyekundu. Wekundu hawauoni vizuri, kwa hiyo wakiwa ndani wanadhani wamo gizani, na sisi tunawaona."

"Panya wanajengewa nyumba," akasema, "mimi nauziwa yangu."

Rudo alicheka, kisha akaacha. Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Baadaye akaniuliza hao panya huishia wapi. Sikumdanganya, nikamwambia wengi hawazeeki. Akaniuliza, sasa kitanda cha nini? Nikamjibu kwamba sasa hivi wako hai, na sasa hivi ndiyo zamu yangu. Aliitikia kwa kichwa, lakini jibu lenyewe silielewi vizuri hata mimi niliyelitoa.

Sasa sikiliza kilichonivuruga. Tuna vizimba vya madume waliokua pamoja, wapole kabisa. Hatuwabebi kwa mkia. Tunawawekea bomba la karatasi, wanaingia wenyewe, tunalinyanyua. Siku ya kubadilisha vizimba nilitaka kazi yangu ing'are. Unamkumbuka Bibi, Jumamosi kwake hata kizingiti cha banda la nguruwe kilisuguliwa, naye ndiye aliyenilea. Nikatia maranda mapya, karatasi mpya, vijumba nimeviosha kwa maji ya moto. Vya zamani vyote nikavitupa. Nilifundishwa nisitupe kila kitu, lakini nilipoviona vile viota vilivyochakaa, mkono haukukubali kuviacha.

Mchana walikuwa wanaumana. Ndugu kwa ndugu, Shangazi. Mmoja mgongo ulikuwa umechanika. Nilisimama pale na glavu zangu, machozi yananitoka.

Dakta Klaudia, mganga wetu wa wanyama, alimtenga yule majeruhi na kumpaka dawa. Kisha akachungulia kizimbani.

"Jarmila, kiota chao kiko wapi?"

"Nimetupa. Kilikuwa kichafu."

"Maranda yenye mkojo ndiyo machafu, hayo tupa. Kiota kikavu unachota kiganja kimoja, unawahamishia nacho. Wakinusa wanajua wako kwao. Wewe umewapeleka ugenini, mama, halafu unataka watulie?"

Tangu siku hiyo nachota kiganja kimoja, na kwa kweli wengi wametulia. Wachache bado wanaumana, na hao hata Klaudia hajui wana nini.

Lakini mimi sikutulia. Nilirudi nyumbani, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha Baba, nikaangalia. Kitanda kipya. Pazia jipya. Zulia jipya. Hata ile mifarishi ya kujifunika, ya manyoya ya bata bukini kutoka nyumbani, niliipeleka kwenye lile gari la wasafisha manyoya lilipopita mtaani kwetu, wakayapuliza, wakayapiga mvuke, wakanirudishia imeumuka ndani ya foronya mpya. Nilijisifu kwa Rudo wiki nzima. Siku ya kwanza Baba aliuvuta mfarishi mpaka puani, akasema neno moja tu: "Hospitali." Nikadhani anausifu usafi.

Siku ile ya makaburi nilimwomba Margita ufunguo, nikaingia nyumba ya kijijini, nikazunguka chumba kwa chumba nikinusa kama mbwa. Tulikuwa tumeshaipaka chokaa kwa ajili ya wanunuzi. Sikupata kitu.

Ndipo nikaukumbuka mto wa kulalia wa Mama.

Ule uliouchukua baada ya mazishi, Shangazi. Mama alinisimulia mara nyingi kuhusu yale majira ya baridi kabla hujaondoka nchini, wewe na yeye mmekaa jikoni mnachambua manyoya, madirisha yamefungwa, na mtu hata kucheka haruhusiwi yasije yakapeperuka. Uliniambia kwenye simu kwamba hujaufua tangu siku ile na humruhusu mtu kuulalia. Kwa hiyo najua naomba nini.

Sitaki mto wote. Fumua mshono wa kona moja, toa manyoya ya kujaa kiganja, yatie kwenye bahasha, kisha ushone tena. Usiyafue wala usiyaanike dirishani. Nitayashonea ndani ya mto wa Baba. Labda nitamwambia, labda sitamwambia, hilo nalo sijui. Rudo anasema mtu si panya. Ni kweli, lakini yeye mwenyewe hana wazo jingine. Na ukikataa, nitaelewa, maana hata wewe uko mbali na kwenu.

Nisalimie Danica na wanawe, na Emil ukimwona kanisani. Rudo anakusalimu sana, na Dorota amechora panya nyuma ya karatasi hii, uniwie radhi. Mungu akulinde na barafu za njiani na akuweke mpaka tuonane.

Wako akupendaye daima,
Jarmila

Nimefungua tena bahasha. Nilipokuwa nabandika stempu, Baba aliniuliza namwandikia nani, nikashindwa kumficha. Nikamwambia namwomba Viera manyoya kidogo kutoka mto wa Mama. Akasema, "Hatakupa. Huyo tangu utotoni hata gololi hakuwahi kumpa mtu." Akafika mlangoni, akageuka. "Na ukiyapata, usije ukawapa panya."

Sasa amekaa tena kwenye kiti chake. Kofia ameivua. Koti bado.