Mizunguko Hamsini ya Drocella

Mbugangari, Gisenyi
9 Oktoba 2023

Shemeji Ndahiro,

Pokea salamu za mutu mwenye masikio makali kuliko yote upande huu wa ziwa. Habari ya afya? Habari ya magoti? Mi niko muzima, ni meno tu yanahama moja moja bila kuaga, kama watu fulani ninaowajua.

Donc, sanduku yako imefika. Ampli yako nimeisikiliza siku tatu, asubuhi mpaka jioni. Yewe, Ndahiro! Nimesikia mupiga gitaa akimeza mate. Nimesikia kiti yake ikilalamika. Nimesikia nzi kwenye dirisha ya studio akinawa mikono. Rwanda nzima, hata wale wa hoteli za kando ya ziwa, hakuna mwenye kusikia muziki namna mi nimesikia.

Bon. Ni uongo. Sanduku haijafunguliwa. Iko juu ya meza, pale mahali pa sahani yangu, na mi nakula sahani ikiwa kwenye magoti. Jirani yangu Kankindi, yule anapitisha nyanya mpakani, Petite Barrière, kila asubuhi, aliingia akauliza, "Muzee, hiyo maiti ni ya nani?" Nikamujibu ni mugeni, amechoka na safari, umuache apumzike.

Sijaifungua kwa sababu jina yangu umeiandika na mukono wako. "Sebahire, fundi wa redio." Miaka makumi mbili na mbili sijaona ile S yako inayoanguka mbele kama mulevi. Ulituma salamu kwa simu za watu. Ulituma mashati. Mara moja ulituma chokoleti, ikafika ikiwa supu. Mwandiko haukutuma.

Kikaratasi ya juu nimesoma. Eti mafundi wa huko mnatengeneza ampli ya kukuza sauti ya kaske za masikio, mnaitembeza kwa posta nyumba kwa nyumba, kila mutu anasikiliza wiki mbili, anaandika kwenye daftari, anapeleka kwa mwenzake. Na hakuna anayeiba? Hao watu walizaliwa wapi?

Na eti wa kwanza kwenye liste ni mi. Kwa nini mi? Jibu hiyo kwanza, ndipo nitafute kisu ya kukata kamba.

Shemeji wako,
Sebahire


Liège, Ubelgiji
2 Novemba 2023

Muramu wangu, shemeji Sebahire,

Salamu, na natumai barua hii inakukuta na meno yasiyopungua sita. Mimi nipo. Magoti ndiyo yalitangulia.

Unajua nimestaafu kule kwenye kiwanda cha lifti. Sasa tuko wazee watano, kila Jumamosi tunakutana kwenye gereji ya mmoja wetu, na ugonjwa wetu ni huu. Kaske hii niliyoiweka pamoja na ampli haina sumaku ndani. Ina ngozi ya plastiki nyembamba kuliko ya kitunguu, imetundikwa katikati ya vyuma viwili vyenye matundu. Unaijaza umeme wa volti mia tano na themanini, halafu muziki unaivuta huku na huku. Ampli ya kawaida haiiwezi, lazima iwe na yake. Hiyo ndiyo tunayochora na kujenga, tunabomoa, tunajenga tena. Mwenzangu mmoja aliuza gari kwa ajili ya ampli. Mke wake amemnunia mpaka leo.

Yangu wanasema ina sauti laini kuliko zote walizowahi kusikia. Mmoja aliivaa akalia, mzee mzima.

Umeuliza kwa nini wewe. Transfo yake, ile ya kupandisha umeme, nimeizungusha kwa mkono, waya juu ya waya, kama enzi za kibanda chetu cha mafundi kule Birere. Nilitaka iangaliwe na mtu anayejua.

Wiki mbili tu. Baada yako iende Finland, kwa mzee mmoja wa Turku anayengoja. Na usiguse ndani ikiwa imewaka, umeme huo hautambui shemeji.

Muramu wako,
Ndahiro


Mbugangari
28 Novemba 2023

Shemeji,

Pole ya magoti. Kiswahili yako siku hizi imepigwa pasi, nimefurahi. Mi niko salama. Nimegusa ndani.

Usipige kelele. Niliizima kwanza, nikangoja, nikaimaliza umeme yote iliyobaki. Si mi niliyepigwa na umeme Birere nikanguruma kama ng'ombe ile siku ya redio ya muhindi. Ni we.

Kwanza nilivaa kaske. Sikio ya kushoto imekufa tangu mwaka wa tetemeko. Sikukuambia, haukuuliza. Ya kulia ilisikia. Na ni kweli, ni laini. Laini sana. Sauti ya mutu anayeongea huku ameficha kitu nyuma ya mugongo. Nikajisemea, Sebahire, hii si ulaini, hii ni njaa.

Nikachukua mita. Nikapima kabla ya ile resistance kubwa inayozuia umeme, siyo baada yake, kwa sababu pale mita inanyonya umeme na kukudanganya. Mia tano na makumi tatu na mbili. Karatasi yako inasema 580, sanduku inasema 532.

Nikapiga hesabu nyuma ya kalenda ya parokia. Nikaanza kucheka peke yangu, Kankindi akachungulia. Halafu nikaacha kucheka.

Ndahiro, hiyo transfo uliizungusha ukiimba wimbo ya Drocella.

Haiwezi kuwa kitu ingine. Sisi wawili tulikuwa mafundi wasiojua kuhesabu. We ulikuwa ukifika mia tatu unakohoa, unaanza upya. Ndipo dada yako, yule niliyemuoa kwa bahati mbaya yake, akatunyang'anya waya. We kwenye ile gurudumu ya baiskeli, unazungusha. Mi nakata makaratasi na kupaka gundi. Yeye anaongoza waya na vidole, akiimba wimbo yake ya mbuzi, ile aliyotunga mwenyewe, mbuzi anaingia nyumba kwa nyumba anakula vitu vya watu. Ubeti moja, mizunguko hamsini. Beti kumi na mbili, mia sita. Anaimba yote mara tatu, transfo imeisha. Hakuna hata moja yake iliyorudi.

Beti kumi na mbili zinatoa 580. Kumi na moja zinatoa 532. Umeruka ubeti moja, muramu, tena mara zote tatu. Wazee wako wanalilia ubeti iliyokosekana, na we unaiita ufundi.

Niambie, kwako inaishia wapi? Mbuzi alikula nini mwisho?

Shemeji wako mwenye sikio moja,
Sebahire


Liège
17 Desemba 2023

Muramu,

Noeli njema kwako na kwa Kankindi. Pole sana ya sikio, kweli sikujua.

Lakini kwa hilo la transfo unanionea. Umeme wa kwenu ndio uliopungua. Transfo inatoa kulingana na inachopewa, hata mtoto wa shule anajua. Nyumbani nilipima kwenye tundu la kaske, ikawa chini, nikajua ni mita inanyonya. Kila mtu anajua inanyonya pale.

Na ndiyo, niliimba. Ninayo mashine ya kuhesabu, niliiweka kando, mkono ulikataa kwenda bila wimbo. Wimbo una beti kumi na moja. Mwisho mbuzi anakula kiatu cha padri. Nina hakika.

Kama uko mwingine, azima simu ya Kankindi, uimbe, unitumie. Ni dakika moja.

Mzee wa Turku ameandika mara tatu. Tafadhali tuma sanduku.

Ndahiro wako


Mbugangari
8 Januari 2024

Shemeji Ndahiro,

Heri ya mwaka. Tumeuvuka, wengine kwa miguu, wengine kwa lifti.

Umeme ya ukuta nimeipima siku tatu, nikingoja ifike 230 kamili ndipo nipime ampli. Ni 532. Acha kusingizia Gisenyi.

Kiatu ya padri ni ubeti ya kumi na moja. Iko ya kumi na mbili. Inasema mbuzi alienda wapi na hiyo tumbo yake. Haukumbuki kweli?

Kwa simu, hapana. Sikiliza niseme. Redio za Birere nzima zilipita mikononi mwetu. Kaseti tulirekodi za harusi, za kwaya, za mukutano wa wauza samaki. Mafundi wawili, mikrofoni tatu, na hakuna hata moja kati yetu aliyefikiri kumurekodi Drocella. Alikuwa anaimba kila siku, nani anarekodi kitu ya kila siku? Sasa wimbo iko katika vichwa viwili tu, na kimoja kinasema ni kumi na moja. Mi niko na miaka sabini na sita. Nikiituma kwa simu utasema asante, utaiweka pale mnapoweka vitu, halafu utaniandikia tena baada ya miaka makumi mbili.

Na kwenye maziko ya Drocella haukukuja. Ulisema ndege hazipatikani. Shemeji, ndege zilikuwa zinapita juu ya kaburi wakati padri anasoma. Nilizihesabu. Nne.

Sanduku haitoki hapa. Ukiitaka, njoo uichukue na mikono yako.

Sebahire


Mbugangari
20 Machi 2024

Ndahiro,

Salamu. Habari ya magoti?

Umenyamaza miezi miwili. Ni ile neno ya ndege. Siifuti, kwa sababu ni kweli, lakini ningeiandika kwa herufi ndogo.

Uko muzima? Andika hata tusi. Matusi yako yalikuwa mazuri.

Sebahire


Liège
4 Aprili 2024

Muramu wangu,

Niko mzima, mbwa wee mzee. Hilo ndilo tusi, nimeanza nalo ili nisilisahau.

Barua nne nimeandika nikazichana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Baada ya barua yako ya Januari nilikwenda kule gereji, nikaweka bobine tupu ya kuzungushia waya kwenye gurudumu, nikaimba. Kabichi, sawa. Kofia ya askari wa mpakani, sawa. Mkeka wa bibi harusi, sawa. Nikafika kiatu cha padri. Na baada ya kiatu, Sebahire, nasikia honi. Nimerudia labda mara thelathini. Kiatu, halafu honi.

Unakumbuka gari la Kigali lilikuja mapema siku ile ya kuondoka kwangu. Nilikuwa nimeshika gurudumu, raundi ya tatu, yeye anaimba kiatu cha padri, na dereva akapiga honi mlangoni. Nikamwambia, "Shika, nakuja." Hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye waya. Akasema tu, "Haya." Nikabeba sanduku langu nikapanda gari. "Nakuja." Sikuwahi kumwambia neno lingine uso kwa uso.

Wimbo mzima nilikuwa nimeusikia mara mia kabla ya hapo. Lakini honi imeukalia ule ubeti, na haitaki kuinuka.

Na zile ndege. Tiketi nilikuwa nayo. Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka saa ya ndege ikapita. Niliogopa kwamba ningeingia, na wewe ungeniuliza, "Ulisema unakuja?"

Sasa nauliza kama fundi tu. Ile bobine niliyoiacha kwenye gurudumu, nani aliimaliza?

Muramu wako,
Ndahiro


Mbugangari
21 Aprili 2024

Ndahiro, muramu wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mbwa muzee anakusalimia. Meno imebaki tano. Kankindi anasema magoti yako yapakwe mafuta ya kondoo. Mi nasema upande milima.

Sanduku imeondoka. Tuliifunga juzi, Kankindi na mi, sasa iko njiani kwa yule muzee wa Turku, umuombee musamaha. Transfo sikuigusa. Ningeweza kuifungua na kuirekebisha, nikaona hapana, iende vile. Hata yenyewe imekuwa ile mbuzi, inaingia nyumba kwa nyumba. Kwenye daftari niliandika mustari moja: "Iko muzuri. Inangoja."

Donc sina tena kitu ya kukushikilia. Nakujibu bure.

Hakuna aliyeimaliza.

Gari yako ilipokata kona, nilishika gurudumu ili tumalize. Drocella akanipiga vidole na mukasi. "Wacha. Amesema anakuja." Ampli ya ile bobine ilikuwa ya kwaya ya Busasamana. Waliimba miezi miwili bila spika, mwisho tukawapa ingine. Bobine ikabaki pale, waya inaning'inia. Nyumba tumehama mara mbili, na gurudumu ilihama nasi, inabebwa polepole kama mugonjwa. Kila Jumamosi aliipangusa vumbi na kitambaa cha miwani yangu. Mi ndiye nilitembea na miwani michafu miaka makumi mbili kwa sababu yako.

Wakati hawezi tena kushika kijiko, aliniuliza kama waya haijakatika. Nikamwambia haijakatika. Hiyo moja haikuwa uongo. Iko hapa mbele yangu ninapoandika, nyekundu, imelala vizuri, vidole vyake vinaonekana.

Na usifikiri alikuwa na hasira na we. Ule ubeti aliendelea kuuimba akiosha vyombo. Ule tu, bila zile kumi na moja.

Sasa sikiliza. Sauti mi niko nayo bado, mbaya lakini iko. Vidole vinatetemeka kidogo, waya vitaongoza. Lakini mutu moja hawezi kuimba, kuongoza waya, na kuzungusha gurudumu. Mikono ni miwili, nimehesabu. Mbuzi alienda wapi, nitaiimba siku hiyo, siyo kwenye karatasi.

Haitakuchosha, hata na hayo magoti, kiti iko. Si zawadi nakuomba, ni kazi yako uliyoiacha katikati. Gari ya Kigali ikija kupiga honi, itangoja dakika tatu. Njoo unizungushie, mara hamsini tu.

Muramu wako,
Sebahire