Vinukta vya Pembeni mwa Fomu

Mama Kioko,

Kijana wako aliniandikia kwamba walikulaza upande wa juu wa shamba, pale Nunguni, karibu na kahawa. Barua ilinifikia huku ughaibuni wiki nyingi baada ya mazishi. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, koti bado mwilini. Sikutaka kuketi. Niliona nikiketi, itakuwa kweli.

Nina jambo moja la kukuambia, nawe unalijua.

Miaka ile ya sabini tulizunguka nyumba kwa nyumba, kutoka Mukuyuni hadi kwenu milimani. Wewe uliuliza, mimi nikapanga hesabu za watoto waliozaliwa na waliokufa. Ulinitania mbele ya wenye nyumba: "Huyu ni daktari, lakini msiogope, hata sindano hana. Yeye hudunga karatasi tu." Akina mama walicheka. Nami nikishatoka nje na kikombe changu cha chai, ndipo walipokueleza yale ambayo mimi nisingeambiwa kamwe.

Fomu yangu ilitaka jina la kila mtoto. Kwetu Wakamba mtoto alipewa jina akishamaliza siku za kwanza. Aliyekufa kabla ya hapo hakuwa na jina, na hakutajwa. Wewe uliwawekea vinukta vya penseli pembeni mwa fomu, kila mmoja na chake. Nilipoketi kupanga takwimu nilivipita, kwa kuwa havikuwa na jina. Mimi, mzaliwa wa Kitui, ambaye mama yangu mwenyewe alikuwa na miaka asiyoizungumzia. Sisi watoto wa misheni tulidhani desturi hiyo ilizikwa na babu zetu.

Uliponiuliza, nilikujibu kwamba vinukta si takwimu. Ukasema, "Sawa. Wewe umehesabu majina. Mimi nimehesabu matumbo." Kisha ukaniongezea chai.

Makala ya hesabu zile, bila vinukta vyako, yalichapishwa kwa jina langu peke yake, nayo yakanifikisha mbali. Ndiyo yaliyonipa kazi chuoni huku, na makala mengi niliyoandika baadaye yalisimama juu ya hayo. Katika maktaba yetu kuna vitabu vinene vinavyoorodhesha nani amemtaja nani katika maandishi ya sayansi. Kila mwaka nilivifungua na kupitisha kidole chini ya jina langu, orodha ikizidi kurefuka. Kila aliyenitaja alichukua kosa langu akaenda nalo kwake. Nililijua hilo. Nilikuahidi kwa barua kwamba nitasahihisha, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Niliogopa kukata tawi nililokalia.

Baada ya barua ya Kioko nilifungua sanduku la fomu. Vinukta vyako bado vipo, vimefifia. Nilihesabu upya, chozi likiniharibia karatasi moja, nikaandika sahihisho. Nilitanguliza jina lako, Kavata, langu likafuata. Mhariri aliuliza una shahada gani, na ya chuo gani. Nilimjibu kwamba uliishi Nunguni, na kwamba wewe ndiye uliyeona. Wakalichapa. Ukurasa mmoja, nyuma kabisa ya jarida.

Halafu kimya. Nilipovifungua vile vitabu, makala yangu ya zamani yalikuwa yakiendelea kutajwa pamoja na kosa lake, na jina lako halikuwamo hata mara moja. Nilifunga kitabu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Watu bado huniandikia kadi kuomba nakala ya makala yale. Nawatumia, lakini sahihisho nalibana juu yake, ili walikute kwanza.

Jana nililetewa makala ya mtafiti mmoja kijana, wa nchi nisiyowahi kufika. Mwanamke. Ameuliza akina mama wa kwao kuhusu watoto waliokufa kabla ya kupewa jina, na anaeleza alikojifunza kuuliza hivyo. Nilitafuta kwenye orodha ya marejeo, mwishoni mwa makala. Ameandika: Kavata na mwenzake.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi tangu jana. Mama Kioko, huyo mwenzake ni mimi.

Pumzika, mama. Maadamu kadi zinakuja, nitaubana ukurasa wako juu ya wangu.

Mwenzako,
daktari asiye na sindano