Saa ya Gari ya Baba Rukia

Jumatano, 1 Oktoba

Uji, dawa, kuoga. Uji ameumaliza wote. Saa kumi alasiri nimemshika mkono mume wangu, Baba Rukia, tumeshuka baraza hatua kwa hatua, ameingia garini, amekaa penye usukani. Nimefunga mlango, nikaenda kuanua karafuu. Kila siku hivi tangu apate kiharusi, mwaka wa pili huu. Gari haiendi popote. Yeye hukaa tu.

Mimi siingii. Niliapa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimemkuta amechomeka kidole katika lile tundu la dashibodi palipokuwa na saa. Analia. Nimezalisha na kuuguza watu miaka thelathini, machozi ya mume wangu siyawezi. Nikamuuliza: "Waitaka saa?" Ulimi wake haujarudi, lakini kichwa kilijibu ndiyo.

Hasira yangu ya zamani ikapanda palepale, mbele ya mgonjwa. Aibu.

Niandike ilivyokuwa. Nilipokuwa mkunga, Baba Rukia ndiye aliyenipeleka kwa waja wazito, kwa gari hii. Yeye akingoja nje. Mtoto akilia, mimi napiga kelele dirishani: "Saa ngapi?" Naye anaisoma saa ya gari, ananijibu, naandika. Sijui ni wangapi hapa Mtambile ambao saa yao ya kuzaliwa ilitoka kwenye saa ile. Saa hiyo ikaja ikafa. Wiki chache kabla sijastaafu nikaona tundu tupu. Nikamuuliza saa iko wapi. Akacheka, akasema, "Utajua." Namjua, mgawaji. Ntu akilisifu shati lake humvulia. Nikaamini keshaigawa. Nikamtukana, nikaapa sipandi tena gari yake. Siku ya tano akaanguka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimelipima tundu kwa kifuniko cha chupa ya chai. Kimeingia sawasawa. Nitatafuta saa nyingine ya kufanana. Mafundi magari wawili wamenicheka. Wa tatu akaniambia kuna mwanamke kule Wambaa, Bi Mize, anatengeneza redio na simu. Baba yake marehemu alikuwa fundi saa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Wambaa. Jirani yangu Bi Siti amebaki na mgonjwa.

Bi Mize ni mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Nimempa kifuniko, nikamweleza. Akakigeuzageuza. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani mna kitambaa, ndani ya kitambaa mna saa. Yetu. Niliijua kwa ule ufa wa kioo.

"Mumeo nani?"

"Mzee Omar, wa Mtambile."

Akanipa karatasi iliyokuwa pamoja nayo, mwandiko wa baba yake: "Ya Omar. Zawadi ya nkewe, siku ya kustaafu. Atakuja kuichukua mwenyewe. Nkewe asijue."

"Baba alifariki mwezi uleule alioletewa," akasema Bi Mize. "Nikangoja huyo Omar aje. Sikujua ni wa wapi."

Nimelia mbele ya mwanamke nisiyemjua. Akaniletea maji.

Jumanne, 7 Oktoba

Sijamwambia. Sijui naanza vipi. Nimempikia pweza wa nazi, nimemlisha, nimeyakwepa macho yake. Nilimtukana ntu aliyekuwa akinitengenezea zawadi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wambaa tena. Bi Mize ametaka nione mwenyewe. Saa hii haitiwi ufunguo. Betri ya gari ndiyo inayoivuta springi, kila baada ya muda mfupi: tak! Kuna ncha mbili zinazogusana, nazo zimeungua. Amezisugua kwa msasa laini, ametia tone la mafuta kwa sindano, ameunga waya. Ikaenda. Tukatazamana kama watoto.

Dakika tatu, ikasimama.

Waya wa shaba umekatika ndani, mwembamba kama unywele. "Nikiugusa naweza kuiua kabisa, Bi Zuhura," akasema. "Nijaribu?"

Nimerudi nyumbani bila kumjibu. Niliogopa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ameanguka. Tulikuwa tunashuka baraza, mkono wangu ukachelewa. Amepasuka kidogo kwenye paji la uso. Nimemwosha, nimemfunga bendeji. Majirani waliokuja kumwinua wanasema gari iondolewe uani, ndiyo inayomponza. Nimewaambia haiondoki. Kwa sauti ileile niliyokuwa nikiwaambia wanawake wasukume.

Kisha nimempigia simu Bi Mize. Nimemwambia ajaribu.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakutaka kuamka. Uji vijiko vitatu. Simu kimya.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vijiko vitano. Simu kimya.

Jumatano, 15 Oktoba

Bi Mize amekuja mwenyewe, saa imo mkobani, ameizungushia taulo. Ameupiga lehemu ule waya huku akitazama kwa kioo cha kukuzia. Mara mbili ulimponyoka, mara ya tatu ukashika. Betri ya gari ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo amekuja na ya pikipiki, ameiweka chini ya kiti, na saa ameirudisha tunduni.

Baba Rukia alikuwa barazani, kwenye kiti chake. Saa ikalia tak. Akainua kichwa.

Bi Mize alipoondoka nilikaa chini, miguuni pa mume wangu. Nikamsomea ile karatasi. Nikasema: "Niwie radhi, Baba Rukia. Nilikudhania vibaya, na nikakutukana." Nikaanza tena tangu mwanzo. Mkono wake ulio mzima ukaja, ukaniziba mdomo. Alikuwa akinifanyia hivyo tulipokuwa vijana, nikizidisha maneno.

Nimecheka na kulia kwa pamoja. Yeye pia alicheka, upande mmoja wa uso.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepika wali na samaki, nimelisha masikini kumi. Kafara ya kukivunja kiapo changu. Bi Siti amenisaidia kukuna nazi. Baba Rukia amekula sahani nzima, akaashiria aongezwe.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua nyepesi. Karafuu nimeziingiza ndani mapema. Alasiri tumekaa garini, yeye penye usukani, mimi kando yake. Kiti kimetoboka, kinanichoma. Maji yanateremka kwenye kioo cha mbele, mgomba wa jirani hauonekani vizuri. Hatukufanya kitu.

Saa imechelewa dakika nne. Nilinyoosha mkono niisogeze mbele. Akaukamata njiani, akabaki nao.

Ikaadhiniwa magharibi. Tukakaa kidogo tena, ndipo tukashuka.