Tumbako ya Kaburi

Mujukuu wangu Kalenga,

Hapa Kamina tuko wazima, mama yako anakusalimia. Unaniandikia kusema sigara inakutuliza woga ya mitihani. Weye wa kusoma udaktari! Upumbafu!

Wakati ya vita tumbako ilikosekana. Kaka yangu Ngoie akaanza kutetemeka, na mbingu iko kimya, anapiga kelele: «Ndege ya vita inakuya!» Tukasema marehemu baba njo anamusumbua. Tukafukia tumbako yetu ya mwisho, ile mama alificha, kwa kaburi yake, baba apate kutulia. Saa sita Ngoie akatulia. Mama akashukuru baba. Miye nikaona vidole ya Ngoie: udongo ya kaburi, na moshi mu kinywa. Magharibi ndege zikarudi mu kichwa yake.

Ile homoni ya woga unasoma mu udaktari, tumbako njo inaiamsha, halafu inajifanya kuilaza. Weye, ukikosa sigara siku moja, unasikia nini?

Babu yako